Nipo Chini ya Sakafu

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alipewa sauti ya kutosha ukoo mzima, akapewa peke yake. Mtaani tulimwita Kipaza, na nadhani hata mama yake mzazi alikuwa ameshalisahau jina alilompa. Siku alipokuja kumposa dada, alisimama uani kwetu akatamka maneno yake kwa heshima zote, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, na majirani wa mtaa wa pili wakaitikia "Amekubaliwa!" kabla baba hajafungua mdomo. Alipopiga chafya, taa za barabarani ziliwaka mchana. Anayebisha na amuulize fundi wa umeme aliyetumwa kuja kuchunguza.

Kazi yake ilikuwa kunadi mitumba sokoni. Wenzake walipanda juu ya meza, wakapiga makofi, wakapuliza filimbi. Yeye alikaa zake kwenye kigoda, shati mkononi, akasema tu, "Shati hili lilivaliwa na mtu mwema," na watu waliokuwa wakioga majumbani mwao wakaja mbio na povu kichwani.

Balaa ni kwamba meza yake ilitazamana na bucha. Mwenye bucha alikuwa mtu mnene, mpole wa uso, anayependa kufuta visu vyake huku anachekacheka. Siku moja Kipaza alimwona bibi mmoja akitoka pale na kifurushi cha nyama kisichomjaa kiganja. Akajisemea moyoni, au ndivyo alivyoapa baadaye, kwamba alijisemea moyoni: "Mizani ya bucha hii inapima na kidole cha mwenyewe." Soko zima likaangua kicheko. Mpaka watu wa kituo cha mabasi walicheka. Mwenye bucha aliendelea kufuta kisu, lakini hakuchekacheka tena.

Basi mizani hiyo ilipotoweka, mchana mmoja wa mvua kubwa, mwenye bucha hakujisumbua kutafuta mbali. Alikwenda polisi akasema mwizi ni Kipaza. Wakaja wakamchukua na shati la mteja bado liko begani. Dhamana ilitaka mtu mwenye nyumba yake, na sisi sote, upande wa mume na upande wa mke, tulikuwa wapangaji. Shemeji akapelekwa mahabusu akasubiri kesi.

Hapa lazima niieleze mahakama yenyewe, maana bila hivyo mtadhani natia chumvi. Zamani ilikuwa nyumba ya chini, na mahabusu walikaa barazani, kwenye benchi refu karibu na mlango wa mbele. Mhudumu wa mahakama alitoka mlangoni, akaita jina mara tatu, na aliyeitwa alikuwa pale pale, karibu amkanyage. Kisha mahakama ikahamia jengo jipya la ghorofa. Chumba cha kesi kikawa juu, na sakafu yake ya mbao. Mahabusu wakawekwa chini ya sakafu hiyo, kwenye chumba cha zege, wakiingizwa kwa lango la nyuma. Kila kitu kilihama: viti, mafaili, feni, hata paka. Utaratibu nao ukahama bila kuguswa. Mhudumu aliendelea kutoka mlango wa mbele, akaitazama barabara, akaita jina mara tatu. Waliomsikia walikuwa wauza sigara na waendesha pikipiki. Mwenye jina alikuwa nyuma, chini, ndani ya zege, hasikii hata mvua.

Na askari wa lango la chini hakuruhusiwa kumpandisha mtu mpaka mhudumu amletee habari kwamba fulani ameitwa na ameitika. Yaani ili upandishwe, uitike mlangoni; na ili uitike mlangoni, uwe umepandishwa. Mkilielewa hilo upesi, basi hamjalielewa.

Zamu ya askari mwenye huruma, aliwapandisha watu kwa kubahatisha. Zamu ya askari mwingine, mhudumu alirudi ndani, akainama, akasema, "Hayupo, mheshimiwa. Amegoma kuja." Kesi ikaendelea bila mwenyewe, kwa sababu sheria hairuhusu mtu kuikwamisha mahakama kwa ukaidi. Hakimu alikuwa mgeni pale. Yeye alidhani tu kwamba wahalifu wa mji huu ni wajeuri kuliko wa kwingine.

Siku ya kesi, mimi na dada tuliwahi. Tulimwona Kipaza akishushwa kwenye gari la mahabusu kwa lango la nyuma, akatupungia kwa mikono yote miwili, maana pingu hazikumpa nafasi ya kuchagua mmoja. Tukazunguka mbele, tukapanda ngazi, tukakaa.

Mhudumu, mzee mwembamba aliyevaa koti jeusi hata siku ya joto la kuivisha ndizi, akatoka mlangoni. Akaita. Akarudi.

"Hayupo, mheshimiwa. Amegoma kuja."

Dada akasimama kama aliyekalia sindano. "Si kweli! Yupo chini! Nimemwona kwa macho yangu haya!"

"Mama, kaa," akasema mhudumu.

"Nikae vipi na wewe unasema uongo mbele ya mheshimiwa?"

Hakimu akainua macho juu ya miwani. Alikuwa mama wa makamo, mkavu wa uso, mwenye mlima wa mafaili mbele yake. "Huyu ni nani?"

"Mke wa mshtakiwa, mheshimiwa."

"Mama, mume wako ameitwa mara tatu. Mtu mzima akiitwa huitika."

"Ameitiwa barabarani, mheshimiwa!"

"Ndipo watu wanapoitiwa," akasema mhudumu, akinyoosha koti lake.

Mwendesha mashtaka, kijana aliyechana nywele kama anayekwenda kupiga picha ya harusi, akasimama. Shahidi wake, akasema, ameacha nyama kwenye ndoano na joto hili. Kwa kuwa mshtakiwa amekataa kuja kwa hiari yake, anaomba kesi iendelee. Hakimu akautazama ule mlima wa mafaili, akakubali. Mwenye bucha akapanda, akaapa.

"Unafanya kazi gani?"

"Nauza nyama."

Hapo ndipo sakafu ilipozungumza.

"NIPO!"

Feni ikasimama. Vumbi la tangu siku jengo linajengwa likatoka kwenye nyufa za mbao, faili la kesi likajifunua lenyewe. Mwenye bucha akakumbatia ukingo wa kizimba.

Baadaye tulikuja kujua kwamba mle chini Kipaza alikuwa amekaa na mtu aliyekwisha kufungwa, amerudishwa kwa kesi nyingine. Huyo ndiye aliyemfungua macho. Hukumu yake mwenyewe, alisema, aliisikia kwa dereva wa gari. "Ukikaa kimya hapa," akamwambia Kipaza, "wataandika kwamba umegoma, na utashangaa unapelekwa gereza kuu na hujamwona hata hakimu ana sura gani."

"Nini hiyo?" akauliza hakimu.

"Kelele za mahabusu, mheshimiwa," akasema mwendesha mashtaka.

"NIPO CHINI YA SAKAFU, MHESHIMIWA! SIJAGOMA! NIMEFUNGIWA!"

Hakimu akamgeukia mhudumu. "Kama yupo, mbona hakuitika?"

"Anaitika sasa, mheshimiwa, lakini wakati wake umepita. Na tena anaitikia sakafuni. Utaratibu ni mlangoni."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. Mwendesha mashtaka, ambaye akili yake ilikuwa na miguu mirefu, akawahi: "Mheshimiwa, hata kama angekuwa humu ndani, mtu wa makelele namna hii tungelazimika kumtoa. Basi tuhesabu kwamba ameshatolewa."

Nimesikia mambo mengi maishani, na mengine nimeyatunga mwenyewe, lakini hilo la mtu kutolewa mahali ambapo hakuingizwa sikuwahi kulisikia. Hakimu alisita. Akautazama tena ule mlima. "Endelea, shahidi. Kwa kifupi."

"Ilikuwa mchana, mvua inanyesha," akaanza mwenye bucha. "Mimi nilikuwa stoo, nyuma ya—"

"MUULIZENI KAMA ALINIONA USO AU MGONGO!"

"Sikukuona," akajibu mwenye bucha, akiangalia miguu yake. "Nilikusikia."

"Usiijibu sakafu!" akafoka mwendesha mashtaka.

"Samahani."

"MUULIZENI NILIKUWA NA NANI!"

"Sijui ni nani, alikuwa—" Mwenye bucha akajiziba mdomo kwa kiganja.

Nyuma yetu watu walikuwa wanafutana machozi. Lakini dada hakucheka, na mimi nikaacha kucheka nilipomwona. Kisha sauti ikaja tena, na safari hii ilikuwa inauliza kweli kweli:

"MMEMUULIZA?"

Karani akaitazama sakafu, kisha akamtazama hakimu.

"MMEMUULIZA AU BADO? AMESEMAJE?"

Mtu mmoja kwenye mabenchi akasema "Bado!", lakini alisema kama watu wanavyosema, na maneno yake hayakupenya hata ubao.

"JAMANI, MBONA HAMNIJIBU?"

Mwendesha mashtaka akayamalizia maswali yake mbiombio, kama mtu anayeanua nguo mvua inakuja. Mwenye bucha akateremka, akaomba ruhusa arudi kwenye nyama yake, akapewa. Hakimu akamtuma askari ashuke amwambie mshtakiwa anyamaze. Askari akashuka, akapanda tena anahema.

"Mheshimiwa, anasema nikuambie hivi. Sauti yake inafika huku, za huku hazifiki kule. Anasema hii siyo kesi, hii ni redio. Na anaomba radhi kwa ukubwa wa sauti, ndiyo aliyojaliwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. Kisha akasema, "Mpandisheni."

"Mheshimiwa, utaratibu—"

"Nimesema mpandisheni. Kwa mlango gani, mtajua wenyewe."

Mhudumu hakuwa mtu wa kushindwa na maneno machache. Alimtoa Kipaza kwa lango la nyuma, akamzungusha jengo zima na pingu zake, akamsimamisha mlango wa mbele, pua kwa pua, akamwita jina mara tatu. Kipaza akaitika. Pikipiki zote zikazima. Ndipo akapandishwa, kila kitu kikiwa kimefuata utaratibu.

Aliposimama kizimbani alitazama huku na huku. "Shikamoo, mheshimiwa. Huyo aliyekuwa ananisema yuko wapi?"

Kioo cha dirisha kilitetemeka, lakini yeye alikuwa anajizuia, niliona mishipa ya shingo.

"Ametoa ushahidi wake, ameondoka," akasema hakimu. "Karani atakusomea aliyoyasema."

"Karani alinisikia nikiiba?"

"Hapana."

"Basi karani hana ugomvi na mimi. Namtaka mwenye bucha. Aje ayaseme tena, tangu mwanzo, ananitazama usoni."

Hakimu akaahirisha kwa muda mfupi ili afikirie. Hapo mwendesha mashtaka akatujia, tabasamu mpaka masikioni, akiongea na sisi kama mpwa wetu. Kuna njia fupi, akasema. Mzee akubali kosa dogo tu, la kuvuruga amani sokoni. Ataonywa, atafunguliwa pingu, atakula chakula cha mchana nyumbani kwake leo hii. Akitaka mwenye bucha arudi, sawa, ni haki yake. Ila mwenye bucha anasafiri kwenda kununua ng'ombe, hakimu anakwenda likizo, na mahabusu pana nafasi. "Inaweza kuchukua muda," akasema, akachana nywele kwa vidole.

Dada akaenda kwenye kizimba, akashika mbao zake. Mimi nyuma yake.

"Baba watoto, kubali turudi nyumbani."

"Nikubali nini? Kwamba nilivuruga amani?"

"Kwani hukuivuruga? Hata ya leo umeivuruga."

"Hiyo ya leo nakubali." Akacheka, na askari wawili wakashika kofia zao. "Lakini sikiliza, mke wangu. Watu wamekaa humu wananisema, na mimi niko chini ya viatu vyao. Nikikubali leo, nitakuwa nimehukumiwa nikiwa sipo, halafu nitie sahihi kwamba nilikuwepo. Hilo sitaki."

"Na watoto niwaambie nini?"

"Waambie baba yenu yupo."

"Yupo wapi? Yupo wapi, wewe mwanamume? Huku unagombania kuwepo, na nyumbani haupo!"

Hilo lilimwingia. Alitazama pingu zake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Dada akafuta macho kwa kanga, kisha hasira zikahamia kwangu. "Na wewe umesimama kama gunia la mkaa! Zungumza na shemeji yako!"

"Shemeji," nikasema, "chakula cha mahabusu kina mawe."

"Nakijua. Meno ninayo."

"Shemeji, mimi nakuona mjinga."

"Niite mjinga, shemeji yangu, niite na mpumbavu. Wewe umeniita na nimesikia. Wale hawakunipa hata nafasi hiyo."

Hakimu aliporudi, Kipaza akakataa njia fupi kwa sauti aliyoisikia hata mwenye bucha kule sokoni, wanasema alijikata kidole. Hakimu akaamuru shahidi aitwe upya. Kisha akasema, na akataka karani aandike, kwamba mshtakiwa wa kesi ya mizani, popote atakapowekwa, aitwe mahali anapoweza kusikia. Shemeji akarudishwa kwenye gari.

Miezi hiyo ilikuwa mirefu. Habari zilitujia kwamba kule mahabusu waliistaafisha kengele, wakawa wanamwomba Kipaza awaamshe watu kwa kupiga miayo. Hizo ni za kuchekesha. Isiyochekesha ni kwamba dada alishika meza ya mitumba, na dada hana sauti. Yeye aliuza kwa kugombana na wateja, na kuna siku alirudi na mzigo kama alivyoondoka nao. Mtoto wao wa mwisho alianza kutembea. Alitoka kwenye mkeka akafika mlangoni, akasimama akishikilia fremu, akatazama nje, na sisi wote tukapiga makofi isipokuwa dada. Kila tulipokwenda kumwona Kipaza, mwendesha mashtaka alikuwa ametuma salamu kwamba njia fupi bado iko wazi. Kila safari Kipaza aliuliza kitu kimoja: "Mwenye bucha amerudi?" Alikonda, mashati yake mwenyewe yakamkaa kama mitumba ya mtu mwingine. Sauti tu ndiyo haikupungua gramu.

Mvua zilikata, hakimu akarudi, mwenye bucha akapatikana. Asubuhi ile mhudumu alishuka mpaka lango la chini, akaita jina. Kisha, kwa usalama, akapanda akaita tena mlango wa mbele. Kipaza akaitika pale pale chini, akakadiria muda wa mhudumu kufika mbele, akaitika tena bila kusogea alipo.

Chumba kilijaa. Nusu ya soko ilikuwa imefunga meza. Mwenye bucha akapanda kizimba cha mashahidi, na Kipaza akasimama kwenye chake, na kati yao palikuwa na nafasi ya kupita mtu mmoja aliyebeba trei. Mwendesha mashtaka akamwongoza shahidi wake: mchana, mvua, stoo, sauti nyuma ya mlango, mizani haipo. Mwenye bucha aliyasema yote akiitazama feni.

"Mshtakiwa, una maswali?" akauliza hakimu.

"Ninayo, mheshimiwa. Jirani, habari za siku nyingi?"

"Nzuri," akasema mwenye bucha.

"Nitazame basi."

"Nakutazama."

"Unatazama viatu vyangu, jirani. Panda kidogo. Pita goti. Njoo, njoo, usiogope, kifua hicho, endelea."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza, lakini macho ya mwenye bucha yalikuwa yamefika usoni, yakakwama huko.

"Ulinisikia nyuma ya mlango wako?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nasemaje?"

"Ulikuwa..." Akameza mate. "Ulikuwa unanong'ona. Ulimwambia mwenzako, 'Beba polepole.'"

Kisha bibi mmoja anayeuza vitunguu akatoa mlio kama birika linalochemka, na baada yake chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Karani alilaza kichwa mezani. Hata askari wa mlangoni aligeuka akatazama ukuta, mabega yanacheza.

"Kuna nini?" akauliza hakimu. Hakuna aliyeweza kumjibu.

"Mheshimiwa," akasema Kipaza, yeye hacheki, "hilo la kunong'ona alilisema na siku ile?"

Hakimu akafunua karatasi. "Alilisema."

"Na mimi nilikuwa chini. Ningelisikia siku ile ile, tungekuwa tumemaliza. Naomba ninong'one."

"Napinga!" Mwendesha mashtaka aliruka. "Mheshimiwa, mtu anaweza kujifanya hajui kunong'ona!"

"Anaweza," akasema hakimu. "Lakini anayetakiwa kuitambua sauti ni shahidi wako, si wewe. Mshtakiwa, nong'ona. Na ujitahidi kwa haki."

Kipaza akavuta pumzi, akafumba macho. Alijitahidi, naapa alijitahidi. Nilimwona akijikunja kama anayepita chini ya kamba ya nguo. Akaelekeza mdomo kwa mwenye bucha, akanong'ona:

"Beba... polepole."

Njiwa waliokuwa juu ya paa wakaondoka wote kwa pamoja. Na kutoka chini barabarani, ng'ambo ya barabara kabisa, mchukuzi mmoja aliyekuwa na gunia mgongoni akajibu kwa uchungu: "Si ndiyo nabeba polepole, mzee! Huoni mzigo ulivyo?"

Safari hii hakimu hakugonga meza. Alisubiri watu wachoke wenyewe.

"Shahidi," akasema, "ndiyo sauti uliyoisikia?"

Jasho lilikuwa linamtoka mwenye bucha mpaka kwenye kola. Alimtazama Kipaza, mashavu yaliyobonyea, shati lililopwaya. Wametazamana sokoni miaka mingi wale, mmoja na kisu, mmoja na shati.

"Siyo, mheshimiwa. Ile ilikuwa ndogo. Ilikuwa ya mtu mwingine."

"Mbona siku ile uliapa kuwa ni yake?"

Mwenye bucha akafikiri, na nitampa sifa hii, alijibu kweli.

"Siku ile hakuwepo, mheshimiwa. Ilikuwa rahisi."

Hakimu akaandika, akaandika sana. Kisha akafuta kesi. Akamwambia mwenye bucha asubiri nje, wana mazungumzo. Akamwambia Kipaza, "Uko huru. Unaweza kwenda nyumbani."

Pingu zikafunguliwa. Dada alikuwa ameshavaa viatu alivyovivua kwa kukaa sana, ameshakunja kanga, ameshafika mlangoni. Watu wa soko walikuwa wanasukumana kumpa Kipaza mkono. Naye akawapa, akatembea, akafika kwenye benchi letu. Akakaa.

"Shemeji," nikamwambia, "umefunguliwa. Ni kule, mlangoni."

"Nimesikia."

Kesi iliyofuata ikatajwa. Mhudumu akajikung'uta koti, akatoka mlango wa mbele, akaitazama barabara, akaita jina la mtu mara tatu. Maana amri ya hakimu ilimtaja mshtakiwa wa kesi ya mizani, na mhudumu hakuona popote ilipowataja wengine. Akarudi ndani, akainama.

"Hayupo, mheshimiwa. Amegoma kuja."

Kipaza akainuka.

Hakimu akamwona. Akavua miwani. "Wewe si nimekuambia uende nyumbani?"

"Nakwenda, mheshimiwa. Nina mwenzangu hajaja."

Na kabla askari hajamfikia, akapiga magoti katikati ya chumba cha mahakama, akaweka mikono miwili sakafuni na mdomo kwenye ufa wa mbao, na kwa mara ya kwanza siku ile akaiachia sauti yote, bila kuikunja wala kuiombea radhi:

"WEWE ULIYE CHINI! UNAITWA! ITIKA!"

Chumba kilipoacha kutikisika, kila mtu akawa anaitazama sakafu. Hakimu alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya mafaili yasianguke. Mhudumu alikuwa na mdomo wazi.

Kutoka chini, kitu kikagonga mbao. Pengine sahani, pengine kisigino cha kiatu. Kikagonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Halafu kikaongeza nguvu.

"Mpandisheni," akasema hakimu. "Na baada ya huyo, nataka kujua nani mwingine yuko huko."

Dada yangu alikuwa bado mlangoni. Alimtazama mumewe aliye magotini, akanitazama mimi, akavua viatu tena, akarudi kwenye benchi.

"Sogea," akaniambia. "Huyu haondoki leo."